Dick Wolf hakubebwa na pesa: tamthilia ya polisi tunayoweza kuitengeneza Lubumbashi

Tangu Septemba 2025, kampuni ya Ufaransa Canal+ ilipokamilisha kuinunua MultiChoice ya Afrika Kusini, sehemu kubwa ya televisheni ya kulipia barani mwetu imeingia mkononi mwa mwenye mali mmoja, mwenye wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi karibu 70 za Afrika, Ulaya na Asia. Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, vijana wanaoshika kamera wameipokea habari hiyo kwa furaha. Pesa inakuja, wanasema, na ikija nasi tutapiga tamthilia ya polisi kama zile za Dick Wolf, mtayarishaji wa televisheni wa Marekani, hasa Law & Order, ile ambayo wazazi wao waliitazama kwa Kifaransa kwa jina la New York, police judiciaire. Naona habari hii imesomwa kinyume. Kampuni mbili zilizokuwa zikinunua kazi zimekuwa moja, na anayeuza hubaki dhaifu zaidi anapokuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Hata safari ya kazi ya Wolf imesomwa kinyume. Mtu huyo hakufika alipofika kwa wingi wa pesa. Alijenga muundo kabla ya kuwa na hadithi, muundo unaobeba mabadiliko ya waigizaji, ya kituo, hata ya nchi. Muundo huo lakini una jicho lake: unaamua mtazamaji atasimama nyuma ya nani tangu dakika ya kwanza. Wito wangu kwa watayarishaji wa mji huu ni kwamba wauchukue ufundi wake wote, halafu jicho hilo waliache New York.

Wolf alizaliwa New York mwaka 1946, na kabla ya televisheni alikuwa mwandishi wa matangazo ya biashara. Dawa ya meno ya Crest ni kati ya bidhaa alizozitangaza. Akahamia kwenye tamthilia, akaandikia Hill Street Blues, kisha akafanya kazi katika Miami Vice. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikutana na tatizo la soko. Faida ya tamthilia ya Marekani haikuwa katika kuonyeshwa mara ya kwanza. Ilikuwa katika marudio, yanayouzwa kwa vituo vingine miaka mingi baadaye. Na wakati huo wanunuzi wa marudio walitaka vipindi vya nusu saa. Vya saa moja havikutoka. Wolf akabuni kipindi cha saa moja kinachoweza kukatwa katikati: nusu ya kwanza polisi wanamtafuta mhalifu, nusu ya pili waendesha mashtaka wanampeleka mahakamani. Ukikikata, una vipindi viwili. Hakikukatwa kamwe, kwa sababu soko lenyewe lilibadilika, lakini hesabu hiyo ya biashara ndiyo iliyozaa muundo ambao dunia nzima inautambua leo. Kituo cha Fox kilikubali kisha kikarudi nyuma. CBS ililipia kipindi cha mfano mwaka 1988, ikakiacha kwa kuona hakina nyota wa kuvuta watu. NBC ikakipokea, na Law & Order ikaanza kuonyeshwa Septemba 1990.

Sababu ile ya CBS inastahili kutazamwa vizuri, maana kile walichokiona kama upungufu ndicho kilichogeuka kuwa nguvu. Kufikia mwaka 2000, kati ya waigizaji wakuu 6 wa msimu wa kwanza hakubaki hata mmoja, na tamthilia iliendelea miaka 10 zaidi. Mwaka 1993, NBC ilipodai wanawake waingie kati ya wahusika wakuu, wanaume wawili walitoka, wakaingia S. Epatha Merkerson na Jill Hennessy. Kipindi hakikuyumba, na Merkerson alikaa hadi 2010. Tamthilia nyingi hufa nyota wake akiugua, akidai mshahara mkubwa, au akichoka. Hii haikufa kwa sababu mtazamaji alifundishwa kuufuata mwendo wa kesi, na mtu aliyeubeba mwendo huo angeweza kubadilishwa. Maisha ya nyumbani ya wapelelezi yaliguswa kidogo sana, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kujenga nyumba zao, kuajiri wake na waume zao, wala kuwatafutia watoto. Mandhari ya kudumu yalikuwa machache: ofisi ya polisi, chumba cha kuhojia, ofisi ya mashtaka, ukumbi wa mahakama. Mengine yote yalipigwa barabarani. Kutoka mahali hadi mahali, kilitosha kibao cheusi chenye anwani na tarehe, pamoja na ule mlio wa sauti mbili uliotungwa na Mike Post, ambao hata asiyejua Kiingereza anaukumbuka.

Hivyo ndivyo mti mmoja ulivyotoa matawi mengi. Special Victims Unit ilianza mwaka 1999, na miaka 20 baadaye ikawa tamthilia ya waigizaji iliyodumu misimu mingi kuliko zote katika saa kuu za jioni za televisheni ya Marekani. Zikafuata Criminal Intent, kisha familia ya Chicago kuanzia 2012, kisha FBI kuanzia 2018. Warusi walitengeneza zao, Wafaransa wakaonyesha yao ya Paris mwaka 2007, Waingereza yao mwaka 2009. Tamthilia mama ilisimamishwa mwaka 2010 baada ya misimu 20, ikarudishwa mwaka 2022. Mwaka 2025 CBS ilikata FBI mbili kwa mpigo, Most Wanted na International, na wapo walioandika kwamba zama za Wolf zimefikia ukingoni. Sioni hivyo. Tawi likikatwa katika mpango wa namna hii, shina halijui.

Tuje sasa kwetu. Muundo wa Wolf unafaa zaidi mahali penye pesa kidogo kuliko mahali penye pesa nyingi, na unaufaa mji huu kwa sababu ambazo yeye mwenyewe hakuzifikiria. Katika mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi, umeme unakatika. Anayefuata tamthilia ndefu ya mapenzi, ile ambayo leo inaendelea kutoka jana, akikosa siku tatu anabaki kuwauliza majirani nani ameolewa na nani amekufa. Kesi inayofunguliwa na kufungwa ndani ya kipindi kimoja haimwadhibu mtu aliyekosa umeme wiki iliyopita. Wala haimwadhibu mtayarishaji ambaye mwigizaji wake mkuu amepata kazi mgodini Kolwezi na kuondoka bila kuaga, jambo ambalo kila aliyewahi kutengeneza filamu hapa analijua.

Tena hatuanzi na mikono mitupu. Kikundi cha Mufwankolo kiliigiza kwa miongo mingi katika redio na televisheni ya mji huu, kwa Kiswahili cha hapa hapa, bila maandishi ya kukariri. Waigizaji walikubaliana kwanza juu ya mpango wa hadithi, hatua kwa hatua, kisha kila mmoja akaujaza kwa maneno yake. Huo nao ni muundo unaotangulia maneno, uliokuwepo mjini hapa wakati Wolf bado anatafuta kituo cha kumpokea. Walichokosa wazee wetu ni upande wa pili wa kazi yake: kuumiliki muundo, kuuandika, kuutunza, na kudai malipo kila unaporudiwa. Mji mzima ulicheka kwa kazi yao miaka na miaka, na kicheko hicho hakikuwa na mkataba.

Wanaonipinga wana hoja, na hoja zao hazina uzito sawa. Wengine wanasema kipindi kimoja cha Law & Order hugharimu mamilioni ya dola, kwa hiyo kutulinganisha nao ni kujidanganya. Ni kweli kwamba hatutapiga kwa siku nane zenye malori ya taa na watu mia, kama New York. Lakini gharama kubwa ilikuja baada ya mafanikio, pamoja na mishahara ya watu waliokwisha kuwa maarufu. Mwaka 1990 swali lilikuwa jinsi ya kupunguza, na kila sehemu ya muundo ule inajibu swali hilo. Zaidi ya hayo, pesa ya Canal+ kwa ajili ya hadithi za polisi za Kiafrika haikuanza Septemba 2025. Mwaka 2019 ilitengeneza Sakho & Mangane mjini Dakar, na mwaka 2021, pamoja na Showmax ya MultiChoice, ikatengeneza Crime and Justice mjini Nairobi, tamthilia yenye uchunguzi na mahakama ndani ya kipindi kimoja. Kampuni mbili zilizoungana mwaka 2025 zilikuwa zimeshafanya kazi hii bega kwa bega miaka minne kabla. Pesa ilikuwepo, ikaenda Dakar na Nairobi. Kinshasa ilipata chache, Lubumbashi haikupata, na sehemu ya sababu ni kwamba hatukuwa na karatasi mezani inayosema: hii ndiyo kesi, hizi ndizo sehemu zake, hivi ndivyo kipindi cha kwanza na cha hamsini vitakavyofanana. Nasema sehemu ya sababu, kwa kuwa ipo nyingine isiyotegemea vijana wetu hata kidogo. Vituo vya hapa vimefungamana na siasa. Nyota TV ya mwanasiasa Moïse Katumbi ilifungwa na serikali mwaka 2016, na nani angewekeza misimu mitano katika kituo kinachoweza kuzimwa usiku mmoja?

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi, hasa kutoka kwa watu wenye vyeo: kwamba tamthilia ya uhalifu itawafundisha vijana wizi na kuiaibisha serikali mbele ya wageni. Wizi wa usiku wenye silaha ulikuwa katika mitaa yetu kabla ya mtu yeyote kufikiria kuuigiza, na wanaouendesha hawahitaji somo. New York yenyewe inatoa jibu. Mwaka 1990, Law & Order ilipoanza, mji ule ulipoteza zaidi ya watu 2,200 kwa mauaji; mwaka 2017 waliouawa hawakufika 300. Katika miaka hiyohiyo tamthilia za mauaji zilizopigwa katika barabara zake ziliongezeka. Sisemi tamthilia ndiyo iliyopunguza mauaji, ila aliyeahidi kwamba ingeyaongeza hana pa kusimama. Na kuhusu aibu ya serikali, serikali yenyewe ilishafungua pazia. Mei na Juni 2020 kesi ya Vital Kamerhe, wakati huo mkurugenzi wa ofisi ya Rais, na mtoto wa Bukavu, ilionyeshwa moja kwa moja na RTNC, televisheni ya taifa, kutoka gereza la Makala mjini Kinshasa. Nchi nzima ilikaa mbele ya televisheni ikiwasikiliza mawakili wakibishana juu ya mikataba ya nyumba na hati za benki. Watu wasiowahi kuingia mahakamani walijua majina ya majaji. Hakimu aliyeongoza kesi, Raphaël Yanyi, alifariki kabla haijaisha, na kesi ikaendelea. Anayedai kwamba Wakongo hawatavumilia mahakama katika televisheni amesahau wiki zile.

Kesi hiyo inafundisha jambo jingine ambalo wanaomwiga Wolf kwa upofu hawatalipata kwake. Kamerhe alihukumiwa miaka 20 mwezi Juni 2020, na miaka miwili baadaye rufaa ikamwachilia huru. Hukumu ya kwanza ilisikilizwa na mamilioni. Ya pili ilipita kwa kelele ndogo zaidi. Kipindi cha dakika arobaini na kitu kinachoishia kwa neno la mwisho la hakimu kingesimama kwenye hukumu ya kwanza, na kingetuacha na picha ambayo sheria yenyewe iliifuta baadaye.

Hapa ndipo linapokuja lile jicho. Kila kipindi cha Law & Order kilianza kwa sauti ya mtu asiyeonekana akisema kwamba katika mfumo wa sheria wananchi wanawakilishwa na makundi mawili: polisi wanaochunguza uhalifu, na waendesha mashtaka wanaowashtaki wahalifu. Anayetetewa hatajwi, na aliyekamatwa ameshaitwa mhalifu kabla kesi haijaanza. Kwa zaidi ya miaka thelathini mtazamaji amewekwa nyuma ya bega la mpelelezi, akichoka naye, akikasirika naye wakili anapotaja haki za mshtakiwa. Ukoo wa tamthilia hizi unatoka mbali: Dragnet ya miaka ya 1950 ilitengenezwa kwa ushirikiano wa karibu na polisi wa Los Angeles, na Wolf aliifufua Dragnet hiyo mwaka 2003. Januari 2020 shirika la Color of Change la Marekani lilichapisha uchunguzi wa vipindi 353 kutoka tamthilia 26 za uhalifu, likaonyesha jinsi makosa ya maofisa wema yanavyopambwa hadi yakaonekana kuwa ya lazima. Anayepiga, anayeingia nyumba ya mtu bila hati, anayetisha shahidi, ni shujaa aliyesukumwa na kiu ya haki. Upo pia uongo wa hesabu. Huko Marekani zaidi ya hukumu 9 kati ya 10 za jinai hutokana na mshtakiwa kukiri baada ya mapatano, bila kesi kamili kusikilizwa, na karibu nusu ya mauaji hubaki bila mtu kukamatwa. Katika tamthilia, kila kifo kinapata mkosaji wake na kila mkosaji anapata siku yake mahakamani.

Haki inanidai niseme pia kilicho chema, na si kidogo. Special Victims Unit ilizungumza juu ya ubakaji katika saa kuu za jioni, wakati ambapo neno lenyewe lilinong'onwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, uliotolewa mwaka 2015, ulikuta kwamba wanafunzi waliotazama tamthilia za familia ya Law & Order walielewa vizuri zaidi suala la ridhaa kuliko waliotazama CSI, tamthilia nyingine ya upelelezi. Mariska Hargitay, mwigizaji mkuu wa tamthilia hiyo, alianzisha taasisi ya kuwasaidia waliodhulumiwa mwaka 2004, akapigania sampuli za ubakaji zilizolala bila kupimwa katika maghala ya polisi. Katika nchi ambayo daktari wake, Denis Mukwege wa Bukavu, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kuwatibu wanawake waliobakwa, siwezi kuudharau msaada wa tamthilia inayomwamini mwanamke anaposema ametendewa nini. Kwa hiyo simwiti Wolf mpiga zumari wa polisi. Alijenga nyumba yenye dirisha moja, na katika dirisha hilo baadhi ya mambo yalionekana vizuri kuliko popote.

Lakini dirisha hilo likiletwa Lubumbashi litaonyesha ukuta. Mpelelezi wa Wolf anafaa kuwa mhimili wa hadithi kwa sababu nyuma yake ipo maabara inayojibu, gari lenye mafuta, na mwendesha mashtaka anayepokea simu. OPJ wetu, yaani ofisa wa polisi anayechunguza makosa ya jinai, mara nyingi hununua karatasi kwa fedha yake, na mlalamikaji ndiye anayeombwa nauli ya kwenda kumkamata mshukiwa. Ukimfanya huyo kuwa shujaa wa kila wiki, utachagua kati ya uongo na kichekesho. Sheria yenyewe inatupa muundo wa namna nyingine. Ibara ya 18 ya Katiba inasema mtu hawezi kukaa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 kabla ya kuachiliwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Faili inapanda kwenda Parquet, ofisi ya mashtaka. Hakimu wa mashtaka anaweza kutoa hati ya muda ya kumshikilia kwa siku 5. Baada yake jaji ndiye anayeamua siku 15, kisha siku 30, kisha 30 nyingine. Kila daraja lina saa inayohesabu, lina mlango, na lina mtu anayeweza kuifungua faili au kuilaza. Hapo pana mvutano tayari, bila risasi hata moja. Shujaa wa tamthilia yetu ni faili yenyewe: wapi imefika, nani ameishika, nani ameipoteza, ukurasa gani haumo tena.

Mtu aliyekamatwa Kamalondo anasimulia kwa Kiswahili, na OPJ anaandika PV, yaani hati ya maelezo yake, kwa Kifaransa. Mara nyingi aliyesimulia hajui kusoma Kifaransa, anasomewa haraka au hasomewi, kisha anatia sahihi au kidole. Miezi sita baadaye hakimu anamwuliza kwa nini alisema alimpiga marehemu kichwani kwa makusudi, naye anaapa kwamba alisema alimsukuma. Niliwahi kukaa katika chumba cha kesi nikasikia ubishi wa namna hiyo ukichukua asubuhi nzima, familia mbili zikiwa zimebanana kwenye mabenchi, na hakuna aliyetoka nje hata kununua maji. Tamthilia ya Marekani haiwezi kuwa na tukio hilo. Kwetu linaweza kuwa kiini cha kila kipindi, na mtazamaji, tofauti na hakimu, atakuwa amesikia mwenyewe maneno yaliyosemwa kule kasho, chumba cha mahabusu. Atajua zaidi ya faili. Ujuzi huo unamwondoa nyuma ya bega la polisi bila kumgeuza adui wa polisi, maana ataona pia kwamba OPJ hakudanganya sikuzote. Alichoka, alikuwa na watu kumi wa kuwasikiliza, akaandika sentensi aliyoizoea.

Jingine ni familia ya aliyedhulumiwa. Katika mahakama za Wolf familia inakaa nyuma ikilia, na mwendesha mashtaka ndiye anayesema. Sheria yetu inairuhusu kuingia katika kesi kama upande wenye madai, ikiwa na avoka (wakili) wake, ikidai fidia. Kwa hiyo ukumbini pana pande tatu, na mara nyingine ule wa familia na ule wa mashtaka hawaelewani. Huku hakuna baraza la raia linalotoka chumbani na jibu. Majaji huichukua kesi katika mashauriano, na hukumu inasomwa siku nyingine. Mwandishi aliyelelewa na filamu za Marekani ataiona siku hiyo ya kusubiri kama kasoro ya kuficha. Mimi naona ndiyo nafasi ya nusu ya pili ya kipindi: nani anamtembelea nani usiku, nani anauza kiwanja, mchungaji anasema nini, mama wa mshtakiwa anapika chakula cha kupeleka gereza la Kasapa na hajui kitamfikia nani.

Kasapa haiwezi kubaki nje ya hadithi. Gereza hilo lilijengwa kwa ajili ya watu 800, na Septemba 2020, machafuko yalipolipuka ndani yake, lilikuwa na karibu 2,000. Wanawake wafungwa walibakwa kwa siku kadhaa mikononi mwa wafungwa wenzao, huku dola iliyowafungia ikishindwa kuwafikia. Katika muundo wa Wolf hadithi huisha pale mlango wa gereza unapofungwa. Tamthilia ya mji huu itakayomaliza hapo itakuwa imekubali kwamba yanayofuata hayatuhusu. Wengi waliomo hawajahukumiwa. Ni watu wa siku 15, na 30, na 30 nyingine. Faili zao zipo mahali fulani, na kuzifuata ndiyo kazi ya hadithi.

Na kama mtu anataka barabara, vumbi na hatari, azifikirie mahakama zinazosafiri. Mwezi Februari 2011 mahakama ya kijeshi ya namna hiyo iliketi Baraka, Kivu ya Kusini, ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa ubakaji uliofanyika Fizi siku ya Mwaka Mpya. Majaji, makarani, mawakili na walinzi walisafiri hadi karibu na mahali uhalifu ulipotendeka, ili mashahidi wasilazimike kusafiri wao. Kundi dogo la watu wa kudumu, mahali papya kila mara, kesi mpya kila kipindi: hivyo ndivyo Wolf alivyojenga, lakini hakuna chochote ndani yake ambacho kingeweza kutokea New York.

Yote haya yanaturudisha kwa yule mnunuzi mmoja. Kijana atakayekwenda kwa Canal+ na ombi la kununuliwa taa na kamera atapewa, pengine, taa na kamera za msimu mmoja, na kazi itakuwa mali ya aliyelipa. Atakayekwenda na muundo ulioandikwa, kesi kumi zilizokwisha pangwa, na wakili aliyezisoma, ana kitu cha kujadiliana nacho hata mbele ya mnunuzi asiye na mshindani. Asipigane sana juu ya bei ya kipindi cha kwanza. Apigane juu ya marudio, maana huko ndiko Wolf alikopata uhuru wake. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na tamthilia iliyosemwa kwa Kiswahili inaeleweka Kigoma, Bujumbura, Mombasa na Dar es Salaam, penye vituo ambavyo si vya Canal+ na vina njaa ya vipindi. Katika mkataba, Kifaransa na televisheni ya kulipia vinaweza kwenda kwa mnunuzi wa Paris kwa miaka atakayoitaka. Marudio ya Kiswahili katika televisheni za bure za Afrika Mashariki yabaki kwa waliotengeneza, kwa maandishi, na majina ya waandishi na waigizaji na asilimia zao yawe yameandikwa kabla kamera haijawashwa.